Ndani ni Wapi? Kutoka Ganda la Umbo Hadi Vokseli Zake

Mhadhara uliotolewa Bariadi mbele ya walimu wa hisabati na sayansi, pamoja na vijana wanaojishughulisha na kompyuta



Nianze na uzio. Aliyekulia Itilima, Maswa, Meatu au huku kwetu Bariadi anaujua uzio wa minyaa: kijani mwaka mzima, utomvu wake hauchezewi, na ng'ombe mwenye akili hausogelei. Sasa mchukue mtu usiku usio na mwezi, mfunge kitambaa machoni, mpeleke mbali na kaya yoyote, kisha mwambie atembee kwa mstari ulionyooka. Kazi yake ni moja tu: kila anapopenya minyaa, ahesabu. Akipenya mara ya kwanza, yuko ndani ya kaya. Mara ya pili, ametoka. Uzio ukiwa umejikunja, ataingia tena na kutoka tena. Msimamishe popote umuulize, "Uko wapi?" Mashariki haijui, magharibi haijui, lakini hesabu yake anayo. Ikiwa witiri, yuko ndani. Ikiwa shufwa, yuko nje.

Kwamba mstari uliofungwa hugawa uwanja kuwa ndani na nje, na hakuna cha tatu, ni jambo ambalo hata mchunga ndama analijua. Hata hivyo mwanahisabati Mfaransa Camille Jordan aliona haja ya kulithibitisha katika kitabu chake cha mwaka 1887, na uthibitisho wake uliwasumbua wenzake kwa miaka mingi. Mimi sitawasumbua nao. Ninachotaka mkumbuke ni masharti mawili ya yule mtembezi wetu: aanzie nje, na uzio usiwe na pengo. Leo tutaitumia hesabu hiyohiyo mara milioni mia na zaidi kwa mkupuo mmoja, tukiwa na chombo ambacho hakikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Kibuyu mnachokiona mezani ni cha mama yangu. Alikuwa akisukia maziwa. Nilikiziba mdomo kwa gunzi, nikakilaza kwenye mkeka, nikakizunguka na simu nikipiga picha sabini hivi, rula ikiwa kando yake, maana picha peke yake haijui sentimita. Programu ya fotogrametria ilitafuta madoa na mikwaruzo inayojirudia kutoka picha moja hadi nyingine, ikakokotoa simu ilikuwa wapi kila nilipobonyeza, kisha ikashona wavu wa pembetatu juu ya sura yote ya kibuyu. Kila pembetatu ina vipeo vitatu, kila kipeo kina namba tatu. Ukiuzungusha wavu huo kwenye kioo utaapa kwamba ni kibuyu chenyewe, mpaka ule ufa wa shingoni.

Lakini ni ganda tupu. Wavu hauna unene hata wa karatasi, na haujui chochote kuhusu kilichomo. Ukiuliza "mahali hapa, sentimita 4 chini ya shingo, pana kitu au hewa?" wavu hauna pa kuangalia. Ndiyo sababu tunataka umbo la namna ya pili: sanduku lililogawanywa kuwa vitofali vidogo vilivyo sawa, kila kimoja kimeandikwa 1 kama kipo ndani ya umbo, 0 kama kipo nje. Kitofali hicho kinaitwa vokseli. Ni ndugu wa pikseli, ila pikseli ni mraba na yeye ni mchemraba.

Mwalimu wa hisabati pale nyuma ameshainua mkono. Najua anachotaka kusema: ujazo wa wavu uliofungwa unapatikana bila vokseli hata moja, kwa kujumlisha piramidi zinazoanzia kwenye kila pembetatu hadi nukta moja, nyingine zikiwa chanya na nyingine hasi. Ni kweli kabisa. Ningetaka ujazo wa nje tu ningefanya hivyo nikalala mapema. Mimi nilitaka kujua kibuyu kinabeba maziwa kiasi gani, na maziwa hayakai nje ya ganda. Ilinipasa nimenye umbo kutoka nje kwenda ndani, tabaka kwa tabaka, na wavu haumenyeki kirahisi. Vokseli zinamenyeka: futa kila 1 inayopakana na 0, umeondoa tabaka moja.

Wapo wanaozipata vokseli bila kupitia kwenye wavu. Mashine ya CT-Scan huzitoa moja kwa moja; picha ya kwanza ya ubongo wa mgonjwa, aliyopigwa katika Hospitali ya Atkinson Morley jijini London tarehe 1 Oktoba 1971 kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, ilikuwa na mraba wa 80 kwa 80 tu. Lakini hata huko wavu na vokseli hukutana. Katika matibabu ya saratani kwa mionzi, yanayofanyika Ocean Road kule Dar es Salaam na Bugando hapa jirani Mwanza, daktari huchora mpaka wa uvimbe juu ya picha. Mpaka huo ni uzio wa minyaa. Dozi ya mionzi inakokotolewa kitofali kwa kitofali, kwa hiyo lazima kompyuta iamue kila kitofali kiko upande gani wa uzio. Hapo kosa la witiri na shufwa si jambo la kucheka.

Sasa tuje kwenye chombo. Vijana, ile kadi ya grafiki mnayoipigia hesabu kwenye vibanda vya gemu ni mpaka rangi. Ndiyo kazi yake ya asili. Unampa pembetatu, anatazama inafunika pikseli zipi za kioo, anazipaka. Kinachomtofautisha ni wingi. Prosesa ya kawaida ni kama mchuma pamba mmoja hodari. Kadi ya grafiki ni kijiji kizima kimeingia shambani siku moja, kila mtu na mstari wake, hakuna anayemsubiri mwenzake. Mmoja mmoja ni wazembe kuliko yule hodari. Jioni, marobota ni yao.

Arie Kaufman alichapisha mwaka 1987 njia za kugeuza mistari, nyuso na maumbo kamili kuwa vokseli, lakini kwa prosesa. Mwaka 2000 Shiaofen Fang na Hongsheng Chen walimtumia mpaka rangi: likate umbo vipande vyembamba kama unavyokata boga, umwambie apake kipande kimoja kimoja. Inafanya kazi. Ila ukitaka vipande 512 unalipaka umbo lote mara 512, na mimi naona huko ni kuchota maji kisimani kwa kifuniko cha soda.

Ujanja ninaoupenda ni wa Elmar Eisemann na Xavier Décoret, walioueleza kwa hatua mbili, mwaka 2006 na 2008. Nao ni huu: rangi si lazima iwe rangi. Pikseli moja ya kawaida hubeba biti 8 za wekundu, 8 za kijani, 8 za bluu na 8 za uwazi. Jumla biti 32. Mpaka rangi anaona rangi. Wewe unaweza kuona safu ya vitofali 32 vilivyopangwa kutoka juu ya pikseli hiyo kwenda chini kabisa ya sanduku, kila biti kitofali kimoja. Namba nne za biti 32 kwa pikseli ni vitofali 128, na kadi ikikubali kupaka kurasa nane kama hizo kwa pamoja, umefika 1024. Umbo linapakwa mara moja tu.

Na yule mtembezi wa usiku? Tazameni ubaoni. Hii ni safu ya vitofali vinane, vyote nje:

00000000

Mstari wetu unapenya pembetatu ya kwanza baada ya kitofali cha pili. Badala ya kupaka, kadi inageuza kila kitofali kilicho mbele ya hapo, 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0, kama mtu anayebonyeza swichi za taa:

00111111

Kisha unapenya pembetatu ya pili baada ya kitofali cha sita. Geuza vyote vilivyo mbele:

00111100

Vitofali vinne vya katikati vimebaki na 1, navyo ndivyo vilivyo ndani. Hakuna aliyehesabu, hakuna aliyeshika daftari; swichi iliyobonyezwa mara witiri imebaki inawaka. Sasa anzeni na pembetatu ya pili: mnapata 00000011. Kisha ya kwanza: 00111100. Jibu ni lilelile! Mpangilio haujalishi, na hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika somo la leo. Wale wachuma pamba hawasubiriani, hivyo pembetatu zinafika ovyo, ya nyuma kabla ya ya mbele. Mtembezi wa kweli asingeweza kukutana na uzio wa pili kabla ya wa kwanza. Swichi zinaweza.

Kuna hatari moja ndogo. Aliyewahi kuuza pamba kwenye chama cha ushirika (AMCOS) anajua yatakayotokea makarani wawili wakiandika kwenye mstari mmoja wa daftari kwa wakati mmoja: mmoja atafuta kazi ya mwenzake na kilo za mkulima zitapotea. Pembetatu mbili zikigeuza safu moja kwa wakati mmoja ni hivyohivyo. Kadi za siku hizi zina amri maalumu ya kugeuza biti bila kuingiliwa, na Michael Schwarz na Hans-Peter Seidel waliitegemea amri hiyo mwaka 2010 walipoandika njia yao bila kumhitaji mpaka rangi kabisa.

Jambo jingine ambalo wengi hulipita bila kulitazama ni mpakani. Pembetatu mbili jirani zina ukingo wa pamoja. Mstari ukipita juu ya ukingo huo hasa, nani ahesabiwe? Wakihesabiwa wote wawili, swichi imebonyezwa mara mbili kwenye uzio mmoja na safu yote imeharibika. Wahandisi wa kadi walishalitatua kwa sababu yao wenyewe, ili picha zisipakwe mara mbili mpakani: pikseli ya ukingoni ni ya pembetatu moja tu, kwa kanuni isiyobadilika. Ni kama mti ulio kati ya mashamba mawili. Wazee walishasema ni wa nani, kesi imekwisha. Sisi wa vokseli tumerithi hukumu hiyo bure.

Mpaka rangi ana tabia inayofaa hapa na kudhuru pale. Hupaka pikseli pale tu ambapo kitovu chake kimefunikwa. Kwa kuhesabu ndani na nje ndivyo inavyotakiwa. Lakini ukitaka vokseli za ganda lenyewe, yaani kila kitofali kilichoguswa na uso, ncha nyembamba, kama ya pembe ya ng'ombe, itapita katikati ya vitovu na kupotea. Tiba yake ni kumlazimisha apake kila pikseli inayoguswa hata kidogo. Jon Hasselgren na wenzake walionyesha namna mwaka 2005 kwa kuzinenepesha pembetatu, na kadi za NVIDIA za mwaka 2014 zikaja na uwezo huo ndani yake. Halafu kuna pembetatu iliyosimama wima mbele ya mpaka rangi kama karatasi inayotazamwa upande wa ukingo. Haioni. Cyril Crassin na Simon Green, mwaka 2012, walitumia dawa rahisi: kila pembetatu igeuzwe kwanza, itazamwe kutoka kwenye mhimili ambako inaonekana pana zaidi.

Turudi kwenye kibuyu, maana sikuwaambia yaliyonipata. Vokseli ya milimita moja ina uzuri wake: milioni moja ni lita moja kamili. Nilihesabu vokseli zangu nikapata zaidi ya lita 7, nami kwa macho yangu najua kibuyu hiki hakifiki huko. Nilipokichora niliona nguzo nene ya vokseli ikining'inia chini yake kama kiwele. Kosa halikuwa la kadi wala la kanuni. Nilikilaza kibuyu kwenye mkeka. Upande uliogusa mkeka haukupigwa picha, hivyo wavu ulikuwa na tundu, na kila mstari ulioingia kwa juu ukapita kwenye tundu bila kugusa minyaa. Safu zake zikabaki 00111111, zikawaka mpaka chini ya sanduku.

Fisi hupitia kwenye pengo moja, hana haja ya uzio mzima kuanguka. Fakir Nooruddin na Greg Turk, mwaka 2003, walipendekeza kutuma watembezi kutoka pande nyingi na kitofali kifuate kura za walio wengi. Nilijaribu, ikasaidia. Lakini kilichomaliza kazi ni kukigeuza kibuyu na kukipiga picha upya tumboni. Nikapata lita 5.4.

Pengo ni ajali. Sasa fikirini umbo lisilo na uzio kamili tangu mwanzo, na mfano wake uko jirani. Ukitoka Meatu ukaelekea mashariki unaingia Ngorongoro, na kusini mwa Olduvai kuna Laetoli. Huko, mwaka 1978, kikosi cha Mary Leakey kilikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu mabichi ya volkano yapata miaka milioni 3.66 iliyopita. Zilifukiwa ili zilindwe. Miti ikaota juu yake, mizizi ikaanza kuzinyemelea, na katikati ya miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale pamoja na Taasisi ya Getty ya Marekani walizifukua, wakazipima kwa picha, wakazifukia tena. Desemba 2016 Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao, walitangaza nyayo nyingine umbali wa mita 150 hivi kutoka zile za kwanza, na mmoja wa wenye nyayo hizo alikadiriwa kuwa na urefu wa sentimita 165. Nazo zilipigwa picha na kushonewa nyuso za kompyuta. Kwa mtafiti wa leo, unyayo wa Laetoli ni wavu wa pembetatu zaidi kuliko ulivyo shimo. Shimo lenyewe liko chini ya udongo.

Chukueni unyayo mmoja kwenye sanduku la sentimita 26 kwa 10 kwa 5. Kwa vokseli za milimita moja ni vitofali 1,300,000, kazi ambayo kadi inaimaliza kabla hujafumba jicho. Lakini ndani ni wapi? Unyayo ni bakuli lisilo na kifuniko. Mtembezi wetu akishuka kutoka angani anapenya uso mara moja, yuko kwenye majivu, na hatoki tena. Ukitaka kujua ujazo wa majivu yaliyosukumwa na mguu ule, lazima uweke kifuniko, na kifuniko kiwekwe kwenye usawa wa ardhi ilivyokuwa kabla mguu haujakanyaga. Usawa upi? Kando ya unyayo majivu yameinuka kwa kusukumwa, kwingine yamemomonyoka. Ukikiinua kifuniko milimita 3 kwenye sanduku lile, umeongeza vokseli zaidi ya elfu hamsini ambazo hakuna mguu uliozigusa. Hapa kadi iwe na wafanyakazi elfu kumi au laki moja, haina la kukusaidia. Anayejua ni yule aliyepiga magoti pale na brashi.

Nimalizie upesi deni la kumbukumbu ya kadi, yaani nafasi ya kuhifadhi vokseli zote hizi. Nikiwa na kibuyu kilichokubali, niliingiwa na tambo, nikaomba vokseli 1024 kila upande, baiti 4 kwa kila moja. Zidisheni: 1,073,741,824 mara 4, ni gigabaiti 4 kamili. Kadi yangu ilikuwa na gigabaiti 4. Haikubaki hata nafasi ya kuchora kioo. Kikawa cheusi, na mimi nikakaa nakitazama kama mtu aliyefiwa. Kwa biti moja kila vokseli ingetosha megabaiti 128. Zaidi ya hapo, ukipunguza upande wa vokseli nusu, jumla inaongezeka mara 8 lakini zile zinazoguswa na ganda zinaongezeka mara 4 tu, ndiyo maana Samuli Laine na Tero Karras, mwaka 2010, na Crassin pia, waligawa sanduku mara nane, kisha nane tena, pale tu penye kitu, na hewa wakaiacha bila kuigawa.

Mhandisi mmoja aliniuliza kama njia hii ingefaa kupima malambo yetu: rusha droni mwezi wa Septemba lambo likiwa kavu, upate uso wake, ugeuze kuwa vokseli. Nilimwambia hahitaji. Chini ya kila nukta ya lambo kuna kina kimoja tu. Jedwali la kina linatosha, kompyuta yoyote italijumlisha. Vokseli zinastahili gharama yake pale mstari mmoja unapoingia na kutoka zaidi ya mara moja, kama kwenye mwamba wenye mapango, mfupa wenye matundu, au kaya yenye zizi katikati.

Zizi hilo linanirudisha hapa mezani. Mtembezi akipenya uzio wa kaya kisha uzio wa zizi, hesabu yake ni mbili, na kanuni inamwambia yuko nje. Kama ningeweza kukipiga kibuyu picha mpaka ndani, uso wa ndani ungekuwa zizi: maziwa yangehesabiwa kuwa nje, na "ndani" ingekuwa unene wa ganda peke yake. Simu haipiti mdomoni, kwa hiyo nilipima unene kwa rula pale mdomoni, milimita 5, nikamenya tabaka tano. Zilibaki vokseli milioni 4.6.

Nimeandika namba hiyo ubaoni. Chini ya meza kuna chupa za nusu lita, zimejaa maji ya bomba. Mwalimu wa mstari wa mbele, karibu umimine, gunzi nimeshaling'oa.

[Ziliingia chupa tisa. Ya kumi iliingia kidogo tu, maji yakafurika mdomoni.]